Mwaka Baba Alipobomoa Baraza

Kitabu chenyewe kilikuwa na jalada la manjano na picha ya Mzungu aliyekunja mikono kifuani, meno yote nje. Baba alikinunua kwa mtu anayetandaza vitabu juu ya turubai karibu na soko la zamani, hapa Malindi, akakileta nyumbani ndani ya mfuko mmoja na mchicha. Mimi nilikuwa kwenye cherehani. Alikitoa, akakipangusa maji ya mchicha kwa ncha ya kikoi, akaniambia, "Mamangu, tumechelewa."

"Tumechelewa nini, baba?"

"Kutajirika."

Ananiita mamangu kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Tangu mama mzazi afariki tunaishi wawili tu katika nyumba yetu ya mji wa kale, mimi na cherehani yangu ya madera, yeye na redio yake. Umri wake wote wa kazi alisimama mapokezi kwenye hoteli moja ya ufuoni, akiwapokea Wataliano kwa Kitaliano chao na kuwapa funguo kwa mikono miwili. Hoteli ilipofungwa walimpa kiinua mgongo chake, wakamshukuru, na akarudi nyumbani na viatu vyeusi ambavyo hakuwa na pa kuvivaa tena. Ndiyo hali aliyokuwa nayo alipokutana na yule Mzungu wa meno.

Kitabu kilikuwa cha Kiingereza. Baba alikuwa akikisoma sentensi moja, anaitafsiri kwa Kiswahili, kisha anainua kichwa aone kama nimeshtuka. Sura ya kwanza ilisema kwamba matajiri wote wa dunia huamka alfajiri mbichi, saa ambayo maskini bado wamelala. Aliniangalia kama mtu aliyeokota dhahabu.

Nikamwambia, "Baba, wewe unaamka alfajiri tangu ulipobaleghe. Mtaa mzima unaamka, muadhini hana mchezo. Mbona mpaka leo nyumba hii ina feni moja?"

Akafikiri kidogo. "Labda tulikuwa tunaamka bila nia," akasema.

Sura ya pili ilikuwa ya kahawa. Yule bwana amepiga hesabu zake kwamba mtu akiacha kikombe kimoja cha kahawa kila siku, akaiweka ile pesa mahali pazuri, baada ya miaka arubaini ni milionea. Hapo mimi nilisimamisha cherehani kabisa. "Miaka arubaini! Baba, una sabini na kitu. Hiyo milioni utaifufukia uje uichukue?" Na kahawa yenyewe tunayoizungumzia ni ile kahawa chungu ya birika, inayopita mitaani alasiri, vikombe vidogo hivi kwamba ukipiga chafya umeimwaga yote. Kwa huyo Mzungu labda kahawa ni kitu kingine, inauzwa kwa ndoo. Lakini siku ile muuza kahawa alipopita baba alimwambia, "Leo nimeacha," na yule maskini wa watu akadhani baba ni mgonjwa, akaenda akamwambia jirani, na jirani akatuletea uji.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, kila mtu mtaani anajua. Lakini sikutaka kukilaumu kitabu nisichokisoma, basi nikakisoma. Nilikisoma karibu chote, kidogo kidogo, nikingoja mbaazi ziive, na kuruka kurasa zikitaka kuungua. Na nitawaambia kilichonishangaza. Katika kurasa zote zile nilizosoma, hakuna mtu hata mmoja aliyebisha hodi. Hakuna aliyekuwa na harusi ya binamu. Hakuna aliyefiwa, watu wakaja kukaa matangani siku tatu na kula. Hakuna shangazi anayeshuka kutoka Lamu na mikoba yake akisema nimekuja kuwaona tu, na asiondoke mpaka mfungo upite. Watu wa kitabu kile wanaishi peke yao na hesabu zao. Mimi pia ningekuwa tajiri kama ningeishi vile, lakini ningekuwa tajiri na wazimu.

Sisemi yote ni uongo. Kwamba mtu asitumie asichokuwa nacho, hilo hata bibi yangu alilijua na hakusoma kitabu cha manjano wala cha kijani. Kinachonichoma ni ile haraka, na ile sauti ya mtu anayekuambia kwamba kama bado hujatajirika basi ni wewe umelala. Nimewahi kumwona mama mmoja kule Ngomeni anapara samaki tangu giza mpaka jua la utosi, mtoto mgongoni. Hebu nendeni mkamwambie huyo kwamba amelala, muone kile kisu.

Sasa niwaambie habari ya baraza, kwa sababu ndiyo iliyotuumiza.

Kwa asiyezijua nyumba zetu, baraza ni kiti kirefu cha mawe na chokaa kilichojengwa nje, kimeshikana na ukuta wa mbele kando ya mlango. Hakiingii ndani wala hakibebeki. Yetu ilijengwa kwa mikono ya babu yake baba, na kila mwaka kabla ya Ramadhani tulikuwa tunaipaka chokaa upya. Kila siku baada ya sala ya alasiri mpaka magharibi, baba alikaa pale na wenziwe watatu. Walianza kukaa pale wakiwa vijana wa kutazama wasichana wanaopita, wakaendelea mpaka wasichana wale wakawa mabibi.

Wa kwanza alikuwa fundi wa mashini za maboti, mwembamba, mdomo mkali kama wembe. Wa pili muuza halwa, mtu mnene wa taratibu, anayekaa uchochoro wa nyuma yetu. Wa tatu mpishi, Mgiriama wa kijiji cha Ganda, nje ya mji, Mkristo, aliyepika hoteli moja na baba kwa miaka. Huyo mpishi, mwezi wa mfungo ukifika, alikuwa anakaa na wenzake alasiri yote bila hata kugusa maji, kwa vile aliona haya kunywa peke yake, na adhana ya magharibi ikilia ndiye wa kwanza kunyoosha mkono kwenye tende. Nampenda sana mzee yule.

Heshima baina yao haikuwako hata chembe. Kusalimiana kwao kulikuwa kutukanana. Mimi nikishona dirishani juu yao nilikuwa nasikia yote. Baba akichomoza mlangoni, fundi angesema, "Limeamka zee." Mpishi angemwambia baba kwamba miaka ile yote mapokezini wageni walidhani ni sanamu ya hoteli, ndiyo maana walikuwa wanampiga picha. Na baba naye angemuuliza muuza halwa kama leo ameuza halwa au ameila. Wakacheka mpaka wanakohoa. Mara mia nilifungua dirisha nikawaambia, "Wazee, tafadhali, nina wateja humu!" Wakanyamaza kidogo, wakaanza tena kwa sauti ya chini, ambayo ilikuwa sauti ileile.

Kitabu kilipoingia nyumbani, kilifika na barazani. Baba hajui kujua kitu peke yake. Akisoma karatasi iliyofungia karanga lazima amsomee mtu. Basi kila alasiri nilimsikia anawasomea sura, anatafsiri, wale wanauliza, fundi anabisha, muuza halwa anasema, "Rudia hapo." Mimi nilikuwa naziba masikio na kukanyaga cherehani. Laiti ningesikiliza.

Tukaenda na Kilifi mara moja, mimi na yeye, kwa sababu alisikia redioni kwamba kuna mafunzo ya bure ya utajiri katika ukumbi fulani. Nilimsindikiza nisije nikaletewa habari kwamba ameuza nyumba. Kijana mmoja wa suti ya kubana, jasho linamtiririka na joto lile la kaskazi, alitusimamisha sote tukapiga kelele kwamba sisi ni matajiri. Baba alipiga kelele kuliko watu wote. Baadaye nikamwuliza, "Baba, wewe kweli?" Akasema, "Mamangu, mwenzetu anaitikiwa na watu wote, mimi ningemnyamaziaje? Si adabu." Mwisho wa mafunzo ya bure wakatandaza vitabu vingine vya kuuza. Nilimshika baba mkono nikamtoa nje kama anavyotolewa mtoto dukani, tukaenda tukala viazi vya karai. Alikula kwa furaha. Lakini nilimwona anatafuna huku anawaza.

Wazo lenyewe lilitoka kwenye sura ya nyumba. Kitabu kilisema kwamba kila kitu cha mtu ama kinamwingizia pesa ama kinazitoa, na mwerevu huvipitia vyake kimoja kimoja. Baba alizunguka nyumba nzima mikono nyuma, anatoa hukumu. Friji, inatoa. Cherehani, inaingiza. Redio, akasita, akasema inatoa kidogo. Alipofika kwenye kitanda cha marehemu mama akapita bila kusema kitu.

"Na mimi, baba? Niko upande gani?"

Akanitazama kwa makini, Mungu anisamehe nilicheka mpaka nikakaa chini. "Wewe," akasema, "unaingiza. Lakini pia unakula."

Kisha akatoka nje, akaiona baraza.

Wiki ile mimi nilikuwa nimeitwa Kibarani, Kilifi, kwa shangazi yangu, kushona nguo za harusi ya bintiye. Nilikaa huko mpaka bibi harusi akatolewa. Niliporudi, nikaingia uchochoro wetu, nikapita nyumba yetu. Wallahi niliipita. Sikuijua. Palipokuwa na baraza palikuwa na kibanda cha matofali kimetoka nje ya ukuta kama meno ya bandia, na mlango wa bati wa kupandisha, umepakwa rangi ya buluu. Baba alikuwa amesimama mbele yake, amevaa vile viatu vyeusi vya hoteli.

"Tazama, mamangu! Unapanda juu!" Akaushika, akaupandisha, krrr. "Duka la kukodisha. Sasa hata nikilala, nyumba inafanya kazi."

"Baraza iko wapi?"

"Si hii hapa? Imegeuka duka."

"Baba, baraza iko wapi?"

Nilimfokea. Nilimfokea mzee wangu mbele za watu, na sijawahi kufanya hivyo kabla wala baada. Nilimwambia kwamba mama alipofariki wanaume walikaa pale siku tatu, kwamba mtu akioa, akifa, akirudi Hija, watu watakaa wapi, kwenye kichwa cha yule Mzungu? Kisha nikaingia ndani nikalia kwa hasira mpaka nikaumwa na kichwa. Baba alinifuata, akasimama mlangoni, akasema kwa upole kwamba mtu yeyote anayebadilika hupingwa kwanza na watu wa nyumbani, na kwamba hilo limeandikwa, sura ya saba. Ebo! Kitabu kilikuwa kimejiwekea na kinga.

Kiinua mgongo chake chote kiliingia kwenye matofali yale. Na mpangaji hakuja. Nani akodi duka katika uchochoro ambao wapitao ni walewale, na wote wanajua bei ya kila kitu? Wakaja wawili watatu, wakatazama, wakasema watarudi. Baba akawa anapandisha mlango asubuhi na kuushusha jioni, ili watu waone kwamba duka liko hai. Ndimo ninamoshona siku hizi, kusema kweli, na pana hewa nzuri, lakini hiyo ni habari ya baadaye. Wakati ule alikuwa anakaa humo peke yake, nyuma ya meza tupu, kama mtu anayeuza upepo.

Na wenzake? Nilimwuliza siku ileile niliporudi. Akasema walikuja, walilitazama duka, wakasema mashallah, duka zuri, Mungu akuzidishie. Walisimama kidogo kisha wakaaga. Sasa walikuwa wanakaa kwa muuza halwa, uchochoro wa nyuma. "Ni karibu tu," baba akasema. "Nikipata nafasi nitapita."

Nikaanza kugundua kitu. Fundi alipokuwa akipita mbele ya duka, hakusema "Limeamka." Alisimama, akavua kofia, akasema, "Asalaam aleikum, bwana mkubwa. Umeamkaje? Afya? Nyumbani hawajambo? Alhamdulillahi." Kisha akaenda zake. Muuza halwa vilevile. Mpishi alipotoka Ganda alimpa baba mkono kwa mikono miwili, akainama kidogo, akamwuliza kama biashara inakwenda vizuri.

Mwanzo baba alifurahi. "Unaona?" akaniambia. "Unaona heshima?" Wiki ya pili hakusema kitu. Wiki ya tatu tulikuwa tunakula, akaweka tonge chini, akasema, "Wananiamkia kama mgeni wa serikali."

Kwetu sisi mtu akikuchukia anaweza akakugombeza, na mkigombana mnapatanishwa, mnakula pamoja, yakaisha. Lakini mtu aliyekutukana kwa mapenzi umri wake wote akianza kukuuliza kwa adabu hali ya afya yako, utamshitaki kwa nani? Utasema nini? Kwamba amekusalimia vizuri?

Alasiri moja akajikaza. Alivaa kanzu safi, akajipaka mafuta ya udi, akaenda uchochoro wa nyuma kwa miguu yake. Nikasema alhamdulillahi, yameisha. Hata magharibi haijaingia akarudi. Akaketi kwenye ngazi za ndani, gizani, hakuwasha hata taa.

"Kulikoni, baba?"

"Wameniletea kiti."

"Kiti gani?"

"Cha plastiki. Kutoka ndani." Akavua kofia, akaiweka gotini. "Wao wamekaa barazani, mimi muuza halwa akamwita mkewe, leta kiti cha mzee. Akaleta na mto."

"Na mto?"

"Na mto, mamangu."

Mgeni ndiye anayeletewa kiti. Mwenye mahali hajui kiti, anasukuma watu akakaa.

Baada ya hapo aliacha kutoka. Mlango wa bati akauacha umefungwa. Alasiri zake akawa analala, mzee ambaye hajawahi kulala mchana hata akiwa na homa, na usiku namsikia anageuka geuka. Akasali nyumbani. Chakula anakichezea. Redio akaizima, nikadhani ni ile habari yake ya kitu kinachotoa, nikamwambia baba washa tu umeme nitalipa mimi, akasema haina haja. Niliogopa sana. Mama alikwisha kwenda, na nilikuwa namwona baba naye anaondoka mbele ya macho yangu, hana ugonjwa wowote, anaondoka kwa kukosa watu wa kumwita zee. Pesa zile zilizozama kwenye matofali hazikuninyima usingizi hata siku moja. Hili lilininyima.

Basi nikafanya jambo ambalo mwanamke wa kwetu halifanyi. Nilijitanda buibui langu nikaenda mpaka kwenye baraza ya wanaume, saa ya kahawa, nikasimama mbele yao wote watatu.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanetu."

"Hamna haya," nikasema. "Hamna haya hata kidogo! Baba yangu amefanya kosa gani? Ameiba? Amevunja baraza, ndiyo, amevunja, ni yake, ya babu yake, kama ni hasira, zangu mimi zingetangulia zenu. Lakini nyinyi mmekula chumvi pamoja miaka yote hii, leo mnamwamkia kama gavana! Mnampa mto! Mzee wa watu hali, hatoki, amelala kule ndani anatazama dari. Mnamlipiza hivi kwa ajili ya mawe?"

Muuza halwa aliweka kikombe chini. Fundi, yule mdomo mkali, alikuwa anatazama vidole vyake. Aliyejibu ni mpishi, kwa ile lafudhi yake ya Ganda, pole pole.

"Mwanetu, sisi hatukumkasirikia babako."

"Kumbe?"

"Alitusomea sura ya marafiki," akasema.

"Sura gani?"

Fundi akadakia, bila kuinua macho. Alisema kwamba alasiri moja baba aliwasomea barazani kwamba mtu yeyote ni sawasawa na wale watu watano anaokaa nao sana. Wakiwa ni maskini, naye atakuwa maskini daima, hata ajitahidi vipi. Mwenye kutaka kutajirika awaache hao, kwa upole, atafute waliomzidi akae nao. "Alitusomea vizuri sana," fundi akasema. "Alitafsiri neno kwa neno. Tulimwuliza na maswali."

"Halafu?"

"Halafu tukaondoka. Njiani tukatazamana. Anaokaa nao si ni sisi?"

Nikakosa pa kuweka macho.

"Baada ya siku chache baraza ikavunjwa," muuza halwa akasema. "Tukajua basi, mwenzetu ametuaga. Ametuaga kistaarabu, kwa kitabu, ili asituvunjie uso. Tungefanya nini? Tungemng'ang'ania? Mimi nauza halwa, huyu mashini zenyewe macho yake hayazioni tena vizuri, huyu yuko shambani. Tulitaka afanikiwe, mwanetu. Tukampisha."

"Na hiyo bwana mkubwa? Na mto?"

Wakatazamana kama watoto waliokamatwa. "Si atakuwa anakaa na watu wakubwa," mpishi akasema. "Tuliona tumzoeshe."

Nililia pale pale barabarani, mbele ya wanaume, nimeshika ukuta. Nililia na nikacheka, sijui nilianza na kipi.

Nilirudi nyumbani nikamkuta baba amelala chali vilevile. Nikamweleza neno kwa neno, kama nilivyoelezwa. Alinisikiliza. Kisha akaketi kitandani pole pole, mkono juu ya paji la uso.

"Niliwasomea hiyo?"

"Uliwasomea, baba. Walikuuliza na maswali."

"Nilikuwa nawafundisha," akasema. "Mimi nilitaka tutajirike sote wanne. Nitatajirika peke yangu nikae na nani?" Macho yalikuwa yamemjaa. "Haikunijia hata mara moja, mamangu. Naapa. Nilisoma maskini, maskini, nikadhani ni watu fulani huko."

Hakungoja nimtafutie kofia. Alitoka kama alivyo, na kanzu aliyolalia, nikamfuata nyuma mbio mbio na viatu vyake mkononi. Alipotokea kwenye ule uchochoro, wale watatu waliinuka wote kwa adabu, na muuza halwa akageukia mlango wake amwite mkewe.

"Ukileta kiti nitakivunja," baba akasema.

Akaenda akaketi chini. Kwenye vumbi, mbele ya miguu yao, mzee wa miaka sabini na kitu, mtu aliyesimama mapokezini maisha yake yote na suruali yenye pasi. Mtu mmoja aliyekuwa anapita na baiskeli alishuka, akaisukuma kimya kimya mpaka mbele.

"Kitabu kilisema watu watano," baba akasema. Alikuwa analia waziwazi, hajali. "Watano. Sisi tuko wanne. Nitajuaje kwamba kinatusema sisi?"

Nilimwona fundi anauma mdomo wake wa chini, anajizuia, kidevu kinamcheza. Kisha akashindwa.

"Kuhesabu hadi watano tu kumekushinda, zee zima," akasema. "Na ulitaka kutajirika."

Baba akainua uso kutoka vumbini. Alicheka mpaka akakohoa, machozi yanamwingia mdomoni, na wale watatu wakaanza kusogea, kila mmoja anamsukuma mwenzake, wakimpisha.